Onja Uniambie

"Fumba macho," Wilo alisema. "Na usichungulie bango."

Nereida akafumba macho. Kijiko cha plastiki kikamgusa mdomo wa chini, akapokea kilichomo, akakizungusha juu ya ulimi kama alivyofanya kila Oktoba kwa miaka kumi na tisa, katika bustani hiyohiyo ya burudani, kwenye tamasha hilohilo la vyakula na mvinyo, kando ya ziwa lilelile la kuchimbwa. Kitu cha moto. Kitu laini chenye vijipande. Basi. Zaidi ya hapo mdomoni hamkuwa na habari yoyote.

Bango la vyakula alikuwa ameshalisoma kitambo, wakati mumewe yuko kwenye foleni.

"Boga," alisema. "Boga na tui la nazi. Tangawizi ipo, ila wameitia mwishoni, haikupata moto wa kutosha. Halafu... ngoja kwanza..." Akanyamaza kidogo, maana miaka yote hapo ndipo alipokuwa akinyamaza. "Mchaichai."

"Umesikia?" Wilo alimgeukia dada yake. "Migdalia, umesikia? Mchaichai! Mimi ningekomba bakuli zima nisijue kama kuna mchaichai wala jamaa yake."

"Wewe ukilishwa sabuni utaomba uongezewe," Migdalia alisema, akajifuta jasho shingoni kwa karatasi ya kufutia mikono. Alikuwa mkubwa wa Wilo kwa miaka minane, mjane, na kila tamasha alikuja nao huku akilalamika tangu getini: jua, foleni, dola tisa kwa kijisahani cha kumtosha paka. Lakini hakukosa hata safari moja.

Wilo akatoa kijitabu cha tamasha, akakigongesha muhuri wa kibanda cha nne. Siku hiyo alivaa fulana ya tamasha la mwaka juzi, ile yenye picha ya chupa na uma. Siku zote alikuwa dereva wa basi la kubeba wageni wa mahoteli, na Alhamisi hiyo ya mapumziko aliiomba kwa msimamizi wake mwezi mzima kabla. "Mwaka jana hatukuja," alikuwa amesema garini, wakitoka kwao Kissimmee. "Mwaka jana tulikuwa tunahesabu vidonge. Leo tunahesabu sahani."

Nereida alikuwa amecheka. Miezi minane ilikuwa imepita tangu amalize mionzi ya saratani ya koo. Saratani imeondoka, daktari alisema, na kwa hilo watu wa kanisani waliimba. Kuhusu ladha, daktari alisema huenda. Huenda ikarudi baada ya miezi michache, huenda baada ya mwaka, wengine haiwarudii. Wilo alilisikia lile huenda la kwanza tu. Kila asubuhi alikuwa akimwekea kikombe cha kahawa mbele yake, akisimama pale na sare yake ya kazi, akiuliza, "Imerudi?" Asubuhi moja ya Juni, kwa kuchoka kuuona uso ule ukishuka, Nereida alijibu, "Nadhani leo nimeisikia kahawa." Wilo alikaa chini akalia mikono ikiwa usoni. Kisha akawapigia simu watu kumi na wawili.

Baada ya simu kumi na mbili mtu hawezi tena kusema nilikosea.

*

Walizunguka ziwa. Kundi la wasichana wenye fulana zinazofanana, zote zimeandikwa jina la bibi harusi mtarajiwa, liliwapita likiimba, kila mmoja na kikombe chake. Wilo alikuwa na utaratibu: upande wa kulia kwanza, pombe moja tu kabla ya saa nane, na kila sahani Nereida aonje kabla yao wote. "Mpishi aanze," alikuwa akisema, na watu wa foleni walitabasamu.

Kwenye kibanda cha jibini walipewa kipande kimoja kilichokaa juu ya biskuti ngumu. Nereida alijua akikiona tu kwamba hiki kitamshinda, kwa sababu mionzi ilikuwa imemkausha mate pia, na kitu kikavu kilikaa mdomoni mwake kama kitambaa. Lakini Wilo alikuwa ameshamnyooshea. Nereida akakitia mdomoni. Akatafuna, akatafuna. Unga wa biskuti ukagoma kushuka, ukapanda nyuma ya koo, na machozi yakamtoka. Chupa yake ya maji ilikuwa kwenye mkoba wa Migdalia.

Aligeukia pipa la taka, akainama, akakohoa, akayatoa yote kwenye karatasi. Dada mmoja wa kibanda, aliyekuwa anafuta meza, alirudi nyuma hatua mbili. "Mama, uko sawa? Niite watu wa huduma ya kwanza?"

"Niko sawa. Nimepaliwa tu."

"Kama ni mzio, lazima niite, ni sheria yetu."

"Si mzio, mwanangu. Ni koo."

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimvuta mtoto wake karibu, kana kwamba koo linaambukiza. Migdalia alikuja na chupa ya maji, akamsimamia upande ule wa watu kama pazia. Alingoja Nereida amalize kunywa.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "ule wali wa Jumapili."

"Ulikuwaje?"

Migdalia alimtazama, kisha akamtazama mdogo wake Wilo aliyekuwa mbali kidogo akipiga picha sahani. "Ulikuwa wali," alisema. "Haya, twende. Jua litatumaliza."

Kwenye benchi linalofuata Wilo aliueleza mpango wake, ingawa wote wawili walikuwa wameshausikia. Jumatatu Nereida anarudi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikopika miaka ishirini na miwili. Bi Shondra, msimamizi, alimshikia nafasi kwa mikono miwili. Bima ya afya inarudi. Yeye Wilo anaacha zamu za Jumamosi na Jumapili, mgongo wake unapumzika. "Na mwakani," alisema, "tunachukua chumba kwenye hoteli hapahapa ndani. Usiku mmoja. Niletwe na basi kama mgeni, dereva awe mwingine, nami nimwambie punguza mwendo."

"Utamwambia punguza mwendo, na wewe ndiye unayepita taa nyekundu!" Migdalia alisema.

Nereida alicheka pamoja nao. Mikono yake ilikuwa imekumbatia ile chupa, na aliitazama kama kitu cha mtu mwingine. Katika miezi yote hii hakuna saa iliyokuwa ngumu kama saa za kula pamoja. Akiwa peke yake nyumbani hakuwa mpweke hata robo ya alivyokuwa mezani.

*

Kibanda cha kumi na moja kilikuwa cha vyakula vya bahari, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Huko kulikuwa na supu ya chaza, nzito, ya maziwa na viazi, ambayo Wilo aliisubiri mwaka mzima. Ndani ya foleni alifanya urafiki na mtu na mkewe waliotoka Ohio, wastaafu, kofia zao mpya kabisa.

"Huyu mke wangu," Wilo aliwaambia, "ana ulimi wa ajabu. Mpe chochote akiwa amefumba macho. Atakwambia mpaka sufuria ilikuwa ya aina gani."

"Wilo, acha," Nereida alisema.

"Aache nini? Ndugu yangu, mwanamke huyu ameugua. Ugonjwa mkubwa. Walimchoma hapa," akajigusa koo, "tukadhani ladha imekwenda. Imerudi! Mungu ameirudisha kama alivyoikuta."

"Oo, hongera, mama," alisema yule mwanamke wa Ohio, kwa moyo mweupe kabisa. "Basi tuonyeshe."

Supu zikaja, bakuli za karatasi zikifuka mvuke. Watu wa Ohio wakapokea zao. Wilo alikuwa na bia mkono mmoja na kijitabu mkono wa pili, hivyo Migdalia ndiye aliyebeba, akaiweka ya Nereida kwanza kwenye ile meza ndefu ya kusimama. Kulikuwa na watu wengine wanne au watano mezani hapo, na wote walikuwa wamesikia.

"Macho," Wilo alisema.

Akafumba. Akachota kijiko. Joto, uzito, kitu cha kutafunika. Hapa hakuhitaji hata bango. Supu hii aliijua tangu zamani, mwaka wa tatu wa kuja kwao hapa, mwaka wa mvua, miaka yote. Akaitafuta kwenye kumbukumbu, akaikuta imekaa palepale ilipoachwa, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona raha kidogo. Akachota cha pili.

"Siagi," alisema, "wameiunguza kidogo kwa makusudi, ndiyo inayoleta harufu ya karanga. Vitunguu maji, si vitunguu majani. Jani la bay la kutia harufu lilikuwemo, wamelitoa. Maziwa..." Akachota cha tatu. "Maziwa ni mazito, lakini hayakinaishi. Na chumvi wameachia ya chaza mwenyewe ifanye kazi. Huyu mpishi ana adabu. Hii ni nzuri kuliko ya miaka yote."

Hakusikia sauti ya mumewe ikisema umesikia. Akafumbua macho.

Mtu wa Ohio alikuwa ameinama, anatema kwenye kofia yake mpya kwa kukosa pengine pa kutemea. Mkewe alikuwa na karatasi mdomoni, macho yamemtoka. Mwanamume mwingine mezani alikuwa akisukuma bakuli lake mbali kwa kidole kimoja. Na nyuma yao mhudumu wa makamo, mwanamke mwenye aproni, alikuwa anakuja mbio kutoka jikoni ameinua mikono yote miwili.

"Msile! Jamani, msile hiyo supu! Samahani sana, wametia chumvi mara mbili, mara tatu, sijui, sufuria nzima imeharibika. Mama, wewe umekula?"

Nereida alitazama bakuli lake. Lilikuwa nusu.

"Amekula na kusifia juu," alisema yule mwanamume wa kidole kimoja, na mtu mmoja nyuma yake akacheka. "Huyu si ndiye bingwa?"

"Eti chumvi wameachia ya chaza," mwingine akadakia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa likizoni, na jambo lilikuwa la kuchekesha.

Mwanamke wa Ohio hakucheka. Alimwekea Nereida mkono begani, akasema, "Kunywa maji, mpenzi," na huo mkono ndio ulioumiza kuliko kicheko.

Wilo aliweka bia chini. Akachukua kijiko cha mkewe kutoka mkononi mwake, taratibu, akakitia katika bakuli lake, akaonja. Uso wake ulijikunja wenyewe kabla hajauzuia. Akameza hivyohivyo.

"Nitawaletea nyingine," mhudumu alikuwa anasema, "na hizi ni kadi za kinywaji cha bure, kwa usumbufu, tafadhali..."

"Hatutaki," Wilo alisema.

"Mimi nataka," alisema Migdalia, akazichukua kadi zote tatu, akamshika wifi yake mkono, wakaondoka.

*

Walikaa kwenye benchi la chuma nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Mawingu ya mvua ya alasiri yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi. Migdalia alisema anakwenda kutafuta kiyoyozi, akawaacha.

Wilo aliweka viwiko magotini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo."

"Ile kahawa ya Juni?"

"Haikuwepo."

"Mimi nililia, Nereida."

"Ndiyo maana."

Akatikisa kichwa. "Umenifanya mpumbavu mbele ya watu. Nimekwambia fumba macho kwenye vibanda kumi na kimoja, na wewe unafumba."

"Ungetaka nifanye nini? Ulikuwa na furaha."

"Ningetaka uniambie!"

"Kukuambia? Ulikuwa unasimama juu ya kikombe kila asubuhi kama daktari anayesubiri mtoto azaliwe. Sikuwa na pa kuanzia." Alinywa maji. "Sasa na mimi nikuulize. Chakula cha nyumbani. Miezi yote hii. Ulikuwa hukisikii?"

Wilo alisugua soli ya kiatu chini.

"Wilo."

"Kwenye kituo cha mabasi," alisema akitazama lami, "kuna gari la kuuza mikate ya nyama. Nilikuwa nanunua hapo."

"Na chakula changu?"

"Siku nyingine nilikula."

"Na siku nyingine?"

"Kuna pipa pale." Akajipangusa uso. "Nilidhani mkono umechoka tu. Nilidhani ukirudi kazini utazoea. Nilisema moyoni, nikimwambia nitamvunja moyo."

Nereida alimwona, dereva mwenye sare, anafungua kopo alilolifunga yeye alfajiri, anamwaga wali kwenye pipa la kituo, anafunga kopo, analirudisha jioni likiwa tupu, na kusema asante mke wangu. Siku ngapi? Aliliosha kopo hilo kila jioni akijisifu moyoni kwamba angalau hili bado analiweza.

Hasira haikuja. Kilichokuja ni uchovu, na kama aibu ya watu wawili waliokutana uchi kwenye korido baada ya miaka ya kuheshimiana.

Baada ya muda Wilo aliinuka. Akaenda kibanda cha karibu, akarudi na kijisahani cha keki yenye chokoleti na kitu chekundu juu. Akakaa. Hakumpa.

"Sasa mimi nitaonja, nikuambie," alisema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Fumba... hapana, usifumbe. Nisikilize tu."

Akala. Akatafuna huku amekunja uso kwa bidii.

"Ni tamu," alisema.

"Tamu vipi?"

"Tamu sana. Chokoleti."

"Chokoleti chungu au ya maziwa?"

Akala tena. "Chokoleti tu. Na hiki chekundu ni... kama tunda. Kina uchachu. Si uchachu mbaya." Alimtazama kwa matumaini ya mtoto aliyeulizwa swali darasani. "Ni nzuri, Nereida. Ni tamu tu."

Akampapasa goti. Alikuwa anajitahidi, na aliliona hilo, na alimpenda kwa hilo. Lakini palepale aliona jingine. Miaka kumi na tisa alikuwa akisimama mbele ya vibanda hivi akitaja tangawizi na siagi na moshi wa kuni, akidhani yuko pale pamoja na mtu. Kumbe mwenzake alikuwa amebaki mlangoni muda wote, akifurahia kumwona akiingia. Hakuna aliyekuwa naye humo ndani. Na sasa kwa kuwa pamefungwa, hakukuwa na hata mmoja wa kupakumbuka naye.

"Asante," alisema. "Malizia wewe."

*

Matone ya kwanza yaliwakuta chini ya paa la duka la zawadi. Migdalia alikuwa amerudi na vikombe viwili vya mvinyo wa bure, vyote vyake.

"Nampigia Shondra," Nereida alisema.

Wilo aligeuka haraka. "Leo? Kumwambia nini?"

"Kwamba siwezi kupika."

"Subiri kwanza. Nani amesema huwezi? Mapishi yameandikwa, yana vipimo. Miaka ishirini na miwili mikono yako inajua. Pima kwa kijiko. Nani atajua?"

"Wali wa Jumapili niliupima kwa kijiko," Nereida alisema. "Sikukumbuka kama nimeshatia chumvi, nikatia tena. Nikionja hainiambii kitu. Migdalia, ulikuwaje?"

Migdalia aliangalia ndani ya kikombe. "Kama bahari, wifi. Nilikunywa maji mpaka Jumatatu."

"Pale kuna wazee sitini na wawili, Wilo. Nusu yao ni wagonjwa wa moyo. Wale hawatatema kwenye kofia. Wale wanakula wanachopewa."

"Na bima?" alisema kwa sauti iliyopasuka kidogo. "Kipimo chako cha Januari? Nani atalipa, wale wazee?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua sumaku za jokofu waligeuka kutazama. Wilo akateremsha sauti, lakini hakuacha. "Nimeendesha wikiendi zote tangu Machi. Nimesema hata neno? Nilikuwa naihesabu Jumatatu hii tu."

"Najua."

"Basi nisaidie."

Nereida alisimama na simu mkononi. Mvua ilikuwa imeanza kweli, watu wanakimbia na sahani zao wamezifunika kwa mikono, na kwenye spika muziki wa furaha unaendelea kana kwamba hakuna kitu. Akatoka mpaka ukingoni mwa paa, ambako kelele za maji zilikuwa kubwa, akapiga.

Bi Shondra alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi. "Mama Nereida, ungeweza kuninyamazia, nisingejua."

"Ungejua."

"Ningejua mtu akishaanguka. Jiko siwezi kukupa. Unaelewa. Nitampandisha yule wa asubuhi, Terrell."

"Ni kijana mzuri. Anaogopa vitunguu saumu, lakini atazoea."

"Nina nafasi ya kugawa masinia. Saa za mchana tu. Mshahara wake ni mdogo, mama, na haina bima. Naona haya hata kukutajia."

"Naanza Jumatatu ileile?"

"Kama utaichukua."

"Nimeichukua," Nereida alisema.

Aliporudi Wilo hakuuliza. Alikuwa ameikunja fulana yake ya tamasha pembeni kama mtu anayekamua nguo, ingawa haikulowa. Walingoja mvua ipungue. Kijitabu kilikuwa kimebaki na nafasi tupu ishirini za mihuri, na hakuna aliyependekeza waendelee. Garini Migdalia alilala na mdomo wazi. Walipofika barabara kuu Wilo alisema, "Nitawaambia nabaki na wikiendi," na Nereida akasema, "Haya," na hayo ndiyo yaliyosemwa mpaka nyumbani.

*

Kazi ya masinia ilikuwa na toroli lenye gurudumu moja linalolia. Aproni yake sasa ilikuwa ya bluu. Ya wapishi ni nyeupe. Siku ya kwanza alipita mbele ya mlango wa jiko, Terrell akatoka akamkumbatia, akataka kumuuliza jambo kuhusu mchuzi, akajizuia katikati ya sentensi. Hilo lilitokea tena Jumanne. Jumatano hakutoka.

Nyumbani Migdalia ndiye aliyepika. Wilo alikula kila kitu kilichokuwa kwenye sahani, akiwa ameinamisha kichwa, hakusema kizuri wala kibaya, na kahawa ya asubuhi alikunywa amesimama barazani.

Ijumaa alipangiwa upande wa mashariki. Chumba cha kumi na nne kilikuwa cha Mzee Kessler, fundi wa viyoyozi wa zamani, mtu mrefu ambaye miguu yake ilitokeza mwisho wa kitanda. Nereida alimjua kwa vikaratasi vyake tu. Enzi za jikoni, sinia la kumi na nne lilirudi kila siku na ujumbe uleule, na wapishi walikuwa wakiusoma kwa sauti na kucheka.

Alimwekea sinia mbele, akamfunulia. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Chumvi!" mzee alipaza sauti. Alikuwa amekula kijiko kimoja. "Mwambie huyo mpishi wenu mpya mimi si nyama ya kukaushwa."

"Nitamwambia, mzee."

"Usiniambie nitamwambia. Njoo uonje mwenyewe."

"Hata nikionja haitasaidia." Hakupanga kusema, ila lilishatoka. "Sisikii ladha. Nilichomwa mionzi ya koo. Sijui kama mna chumvi humo au mna sukari."

Mzee Kessler aliweka kijiko chini.

"Muda gani?"

"Miezi minane."

"Bado uko chekechea," alisema. "Mimi mwaka wa saba. Kiharusi. Niliamka hospitali, wakaniletea maziwa, nikasema mbona mmeniletea maji meupe."

Nereida alirudi hatua moja ndani. Alitazama sahani, viazi vilivyopondwa, kuku, maharage mabichi, kijiko kimoja tu kimetoka.

"Miaka saba," alisema. "Na hii chumvi unaijuaje?"

"Nani amekwambia naijua?"

"Kila siku, mzee. Kila siku unaandika chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi. Nilikuwa napunguza, napunguza, mpaka wenzako wakalalamika chakula kimepooza."

Mzee alionekana kufikiria kama inafaa kuomba radhi, akaamua hapana. "Nikisema kizuri," alieleza, "mnasema asante mzee, mnafunga mlango. Nikisema chumvi, mtu anasimama hapo ulipo wewe."

Nje, kwenye korido, masinia kumi na moja yalikuwa yanapoa juu ya toroli, na mtu alikuwa anagonga kikombe kwenye meza akiulizia chai. Nereida alisimama ameshika kitasa.

"Imezidi sana?" aliuliza.

"Mno," alisema Mzee Kessler, akavuta miguu yake pembeni chini ya blanketi, Nereida apate pa kukaa.